Kupandisha beta-bloka hatua kwa hatua: mwongozo kwa mgonjwa wa moyo na anayemtunza

Ni jambo la kawaida kumkuta mgonjwa wa moyo Uyole au Mafinga akiwa na kadi ya kliniki iliyoandikwa karvediloli (moja ya beta-bloka, dawa zinazotuliza mapigo ya moyo uliodhoofika) miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, na ukifunua kurasa za nyuma unakuta 3.125 ile ile tangu mwaka jana. Dawa anameza, kliniki anahudhuria, lakini bado yuko kwenye kipimo cha kuanzia. Kipimo hicho kiliwekwa ili mwili uizoee dawa. Faida kubwa iko juu zaidi, na njia ya kufika huko ina utaratibu wake.

Anayebadilisha kipimo ni daktari. Lakini kati ya kliniki na kliniki mgonjwa yuko nyumbani na watu wake, na daktari hupandisha dawa bila wasiwasi pale anapoletewa daftari lenye uzito, mapigo na presha. Mgonjwa asiye na daftari humwachia daktari kubahatisha, na anayebahatisha huandika "aendelee na dawa zile zile".

Anza na karatasi ya eko

Eko ni kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwenye karatasi yake tafuta herufi EF. Hiyo ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo kutoka chumba cha chini cha kushoto cha moyo. Kwa mtu mzima mwenye moyo mzuri huwa kati ya 55 na 70 hivi. Ikiwa 40 au chini, moyo umedhoofika kusukuma, na hapo ndipo beta-bloka zimethibitishwa kurefusha maisha. Ikiwa 50 au zaidi na bado mtu anavimba na kuhema, tatizo lake ni la namna nyingine: moyo mgumu usiolegea vizuri kupokea damu. Huyo anaweza kupewa beta-bloka kwa sababu nyingine, kama mapigo yasiyo na mpangilio, ila asitarajie dawa hiyo imfanyie kile inachomfanyia mwenye EF ya 25.

Soma pia karatasi inasemaje kuhusu valvu, yaani milango ya moyo. Mtu ambaye valvu zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni anahitaji mpango wa valvu, na vipimo vya dawa vya humu havikuandikwa kwa ajili yake. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta presha ndiyo chanzo cha karibu nusu ya wagonjwa wa moyo kushindwa, ikifuatiwa na udhaifu wa misuli ya moyo, kisha valvu za baridi yabisi. Kundi moja husahaulika: akina mama ambao moyo hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Miguu ikivimba na pumzi ikikata, nyumbani huambiwa ni uchovu wa uzazi. Mama anayeshindwa kulala chali akiwa na mtoto mchanga apelekwe akapimwe eko.

Kwa nini kuupunguza kasi moyo uliochoka

Zamani vitabu vya udaktari vilikataza beta-bloka kwa wenye moyo dhaifu, na kwa mantiki ya haraka ilionekana sawa: moyo umeshachoka, mbona uupunguze tena? Mwaka 1975 madaktari wa Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Finn Waagstein, waliandika kuhusu wagonjwa saba tu waliopata nafuu kwa dawa hizo. Ilichukua zaidi ya miaka 20 watu kukubali. Utafiti wa CIBIS-II wa mwaka 1999 uliwafuatilia wagonjwa 2,647 kwa muda wa kama mwaka mmoja na robo: waliopewa vidonge visivyo na dawa walifariki takriban 17 katika kila 100, waliopewa bisoprololi walifariki takriban 12.

Maelezo yake ni haya. Moyo ukidhoofika, mwili huushinikiza kwa adrenalini na noradrenalini ili uendelee kusukuma. Kwa siku chache hilo husaidia. Kwa miezi na miaka, kemikali hizo huua chembe za misuli ya moyo, hutanua chumba cha kushoto na kuleta mapigo mabaya yanayoweza kumuua mtu ghafla. Beta-bloka hukaa kwenye vipokezi ambavyo adrenalini ingevishika. Pia fanya hesabu: moyo unaopiga mara 100 kwa dakika hupiga mara 144,000 kwa siku; ukishuka hadi 65 ni mara 93,600. Kila nafasi kati ya pigo na pigo ndipo misuli ya moyo inapopata damu yake yenyewe.

Nafuu hiyo haionekani wiki ya kwanza. EF inaweza hata kushuka kidogo mwanzoni, kisha hupanda taratibu kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Na kipimo kina uzito: katika utafiti wa MOCHA, uliochapishwa mwaka 1996, waliopewa karvediloli 6.25 mara mbili kwa siku EF yao ilipanda kwa pointi 5, waliopewa 12.5 pointi 6, waliopewa 25 pointi 8; wasiopewa dawa yenyewe walipanda pointi 2. Hata kipimo kidogo kinasaidia, kwa hiyo asiyeweza kufika juu asikate tamaa. Ila anayeweza asiachwe chini.

Dawa ipi, kipimo gani

Kwenye boksi tafuta moja ya majina haya: Bisoprolol, Carvedilol, au Metoprolol Succinate. Neno Succinate lina maana kubwa. Kuna Metoprolol Tartrate, inayotoka mwilini haraka, na hiyo siyo iliyothibitishwa kwa ugonjwa huu. Atenololi na propranololi ni beta-bloka pia, ni za bei nafuu na zinapatikana hata kwenye maduka ya dawa ya vijijini, lakini hazina ushahidi wa kumrefushia maisha mwenye moyo dhaifu. Ukiambiwa "ile imeisha, chukua hii, ni jamii moja", usichukue kabla ya kumpigia daktari wako au muuguzi wa kliniki.

Bisoprololi huanza miligramu 1.25 mara moja kwa siku, kisha 2.5, 3.75, 5, 7.5 na mwisho 10. Karvediloli huanza 3.125 mara mbili kwa siku, kisha 6.25, 12.5 na 25, zote mara mbili. Mwenye uzito unaozidi kilo 85 anaweza kufikishwa 50 mara mbili. Metoprololi saksineti huanza 12.5 au 25 mara moja kwa siku, kisha 50, 100 na 200. Kila hatua ikae wiki mbili angalau. Lori lenye shehena hupanda mlima Kitonga kwa gia namba moja, na dereva mzoefu haharakishi hata kama nyuma kuna foleni; ndivyo dawa hii inavyotakiwa kupanda. Wazee na wenye presha ya chini huhitaji wiki nne kwa hatua moja, na hakuna ubaya.

Kidonge kidogo kisipopatikana famasi, cha 6.25 cha karvediloli hukatwa nusu, na cha 5 cha bisoprololi hukatwa robo nne. Tumia kikatio cha vidonge au wembe mpya juu ya sahani kavu, ukate vya siku chache tu, kwa sababu kipande kilichokatwa hunyonya unyevu. Robo zisipolingana kabisa, ya leo ikiwa ndogo na ya kesho kubwa, wiki itajisawazisha. Metoprololi ya taratibu inaweza kukatwa kwenye mstari wake tu. Kamwe usiisage wala kuitafuna, maana dawa ya siku nzima itaingia kwa mpigo.

Karvediloli imezwe pamoja na chakula, ili iingie kwenye damu polepole na isiangushe presha ghafla. Chai tupu haitoshi. Kula na kiazi, ndizi au kipande cha mkate asubuhi, na usiku imeze baada ya ugali.

Nani asianze leo

Anayeanza awe mkavu: miguu haijavimba, anaweza kulala kwenye mto mmoja au miwili aliyozoea, mapafu hayana maji, uzito umetulia. Aliyejaa maji apewe kwanza dawa ya kukojoza, mara nyingi furosemidi, mpaka akauke. Beta-bloka ikianzishwa juu ya maji inaweza kumrudisha wodini. Mapigo yaliyo chini ya 50, namba ya juu ya presha iliyo chini ya 90, au hitilafu ya umeme wa moyo inayozuia mapigo kupita, ni sababu za kungoja na kupimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Mwenye pumu ya kweli, ile inayobana na kuachia, amweleze daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Aliyeharibiwa mapafu na moshi wa kuni au sigara si lazima anyimwe dawa. Huyo mara nyingi huchaguliwa bisoprololi, inayogusa mapafu kidogo zaidi.

Daftari la nyumbani

Uzito upimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, kwa nguo zile zile, mzani ukiwa juu ya saruji au ubao. Juu ya mkeka au udongo usio sawa mzani hudanganya kwa kilo nzima. Mzani wa kupimia mazao haufai, kwa kuwa unachotafuta ni badiliko la kilo moja au mbili. Pasipo na mzani, bonyeza kwa kidole gumba mfupa wa mbele wa mguu, juu kidogo ya kifundo, uhesabu hadi kumi, kisha achia. Shimo likibaki, maji yapo. Angalia pia mikanda ya ndala: ikiacha alama ambazo juzi hazikuwepo, andika.

Mapigo hesabu baada ya kukaa kimya dakika tano. Weka vidole viwili vya kati upande wa kidole gumba, chini kidogo ya kiganja, uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hakufai kwa mtu ambaye mapigo yake hayana mpangilio. Asubuhi ya Julai kule Makete au Njombe vidole vikiwa baridi mshipa hujificha. Pasha mikono kwanza. Lengo la wengi wenye mapigo yenye mpangilio ni 55 hadi 70 wakiwa wamepumzika.

Presha pima ukiwa umekaa, kisha tena baada ya kusimama dakika moja, na mara ya tatu baada ya dakika tatu. Namba ya kusimama ndiyo inayomwambia daktari kama kizunguzungu kinatoka kwenye presha.

Mambo yakienda kombo

Uzito umeongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, au miguu imeanza kuvimba baada ya kupandishwa dawa. Wengi huitupa beta-bloka hapo, na hilo ndilo kosa linaloumiza kuliko yote. Hatua ya kwanza ni kuongeza dawa ya kukojoza kwa siku chache, kwa kiasi ambacho daktari alishakuandikia au atakachokuambia kwa simu. Mwili usipokauka, ndipo beta-bloka hurudishwa hatua moja nyuma. Kisha ukitulia kwa wiki kadhaa unajaribu tena kupanda. Mtu anaweza kushindwa hatua ya 12.5 mwezi wa tatu na kuiweza vizuri mwezi wa sita.

Kizunguzungu ukisimama. Presha ya 95 kwa mtu anayetembea, anayelima bustani yake na haoni giza si tatizo. Usipunguze dawa kwa kuiogopa namba. Akiona giza, tenganisha dawa: ya kukojoza saa 12 asubuhi, karvediloli na chakula saa 2, enalaprili au losartani (dawa nyingine za moyo na presha) wakati wa kulala. Muulize daktari kama mwili haujakauka kupita kiasi, na kama bado unameza amlodipini au nifedipini ya zamani. Hizo hushusha presha bila kuusaidia moyo huu, kwa hiyo ndizo za kuondolewa kwanza, kabla ya kugusa beta-bloka.

Mapigo yakiwa chini ya 50 na mtu anahisi kuishiwa nguvu, kwa kawaida kipimo hupunguzwa nusu na ECG hupigwa. Mwambie daktari kama unatumia digoksini, amiodaroni, verapamili au diltiazemu. Hizi mbili za mwisho hazitakiwi kabisa kwa mwenye EF ya chini.

Uchovu wa wiki mbili tatu za kwanza baada ya kila hatua ni wa kawaida na hupungua. Mikono na miguu baridi pia ni kazi ya dawa hii, na Nyanda za Juu Kusini mwezi wa Juni na Julai inasumbua kweli. Vaa soksi za sufu na glavu, lakini usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa ya mkaa hunyang'anya damu oksijeni, na moyo dhaifu hauna akiba. Vidole vikigeuka vyeupe au vya bluu na kuuma, mjulishe daktari.

Wanaume wengine hupungukiwa nguvu za kiume, na kwa aibu huacha kidonge kimyakimya. Tunawaomba msifanye hivyo. Daktari ameyasikia hayo mara nyingi, anaweza kubadilisha dawa au muda wake. Vidonge vya kuongeza nguvu vya mitaani ni hatari, hasa kwa anayetumia dawa za naitreti za kifua: presha inaweza kuanguka mpaka mtu akafa.

Mwenye kisukari anayechoma insulini ajue kwamba beta-bloka huficha mapigo ya kasi na kutetemeka kwa sukari iliyoshuka. Jasho hubaki. Ukitoka jasho bila sababu, pima sukari.

Kuhema ukiwa umekaa, kushindwa kulala chali, kutoa makohozi ya povu, kuzimia, au mapigo chini ya 40, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua.

Vinavyoiharibu dawa kutoka jikoni na dukani

Diklofenaki na ibuprofeni, za kumeza au za sindano, huzuia chumvi na maji mwilini. Mgonjwa wa moyo mwenye mgongo unaouma atumie parasetamoli ya kawaida ya kumeza, siyo ile ya kuyeyusha kwenye maji, ambayo ina sodiamu nyingi. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kilicho sawa, gramu 5, ikiwemo iliyomo kwenye mboga. Magadi yanayolainisha maharage ni sodiamu pia; loweka maharage usiku kucha badala yake. Viungo vya mchuzi vya pakiti na dagaa waliotiwa chumvi vinahesabika.

Ndizi za Tukuyu, viazi vya Njombe na parachichi ni vyakula vizuri, lakini vina potasiamu nyingi. Anayemeza spironolaktoni pamoja na enalaprili au losartani, hasa mwenye figo dhaifu, apimwe potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) ndani ya wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kupandishwa, ndipo aambiwe ale kiasi gani. Dawa hizo hutembea pamoja na beta-bloka, na siku hizi dapaglifulozini au empaglifulozini miligramu 10 huongezwa. Usingoje kumaliza kupandisha moja ndipo uanze nyingine. Mwanamke anayeweza kupata mimba azungumze uzazi wa mpango mapema, kwani enalaprili, losartani na spironolaktoni hazifai kwa mimba.

Ulanzi na komoni: pombe huudhoofisha msuli wa moyo, na lita ya kinywaji ni lita ya maji yanayotakiwa kusukumwa. Msimamo wetu ni kuacha.

Eko ya pili na akiba ya vidonge

Rudia eko miezi mitatu hadi sita baada ya kufika kipimo cha juu unachokiweza, ikiwezekana pale pale ulipopimwa mwanzo. Mpimaji mmoja na mwingine wanaweza kutofautiana kwa pointi tano, hivyo kutoka 28 hadi 32 usikushangilie wala usikukatie tamaa. Linganisha pia LVIDd, upana wa chumba cha kushoto. Chumba kinaporudi kuwa kidogo, hiyo ni nafuu ya kweli. EF ikibaki 35 au chini, uliza rufaa kwenye hospitali ya kanda Mbeya au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kuhusu vifaa vya moyo.

EF ikipanda hadi 50, dawa zinaendelea. Utafiti wa TRED-HF wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, uliwaachisha dawa taratibu watu ambao misuli ya moyo ilikuwa imerudi vizuri. 44 katika kila 100 walirudi kwenye ugonjwa ndani ya miezi sita.

Kukata beta-bloka ghafla huifungulia adrenalini mlango kwa mara moja, na mapigo mabaya hufuata. Kwa hiyo hesabu vidonge kila Jumapili na ununue vikibaki vya siku 14. Kuanzia Desemba hadi Aprili, barabara za vijijini Makete, Ludewa na Ileje zikiwa tope, weka akiba ya mwezi. Ukisahau dozi moja, meza inayofuata kwa saa yake bila kuongeza. Zikikatika siku kadhaa, piga simu kabla ya kurudia kipimo cha juu. Karvediloli ikikatika zaidi ya wiki mbili huanzwa upya 3.125, na kupanda kunaanza mwanzo.